Alama Zikipanda, Nini Kimepanda?

Matokeo ya mtihani sanifu wa shule ya msingi, yaani mtihani mmoja unaotolewa na kusahihishwa kwa namna moja kwa shule zote, yanapotoka, macho ya wengi hukimbilia tarakimu moja tu: asilimia ya watoto waliofaulu. Shule iliyokuwa na asilimia 61 mwaka jana sasa ina 70, basi mwalimu mkuu anapongezwa na wazazi wanashusha pumzi. Shule jirani imeteremka hadi 48, nayo inaanza kutafutiwa mchawi. Haupiti muda mrefu tarakimu hizo zimeshafanya kazi kubwa: kuna wazazi waliohamisha watoto, kuna walimu walioitwa kujieleza, na kuna watoto wa miaka tisa na kumi ambao wameshaambiwa kuwa wanasoma shule mbovu.

Nasema tarakimu hiyo, ikisimama peke yake, haituelezi shule imefundisha kiasi gani. Inatueleza zaidi watoto waliingia na nini kichwani, mpaka wa kufaulu uliwekwa wapi, na walimu walibanwa kiasi gani ili uvukwe. Mtihani wenyewe siupingi, na nitaeleza kwa nini. Ninaloligombea ni usomaji wa matokeo, kwa sababu usomaji mbaya una wahanga, na wanaoumia kuliko wote ni watoto walio nyuma, walewale ambao mtihani ulitungwa ili wasisahaulike.

Tuanze na huo mpaka. Mtu akisikia mtoto "amefaulu", hudhani kuna kiwango cha ujuzi kilichokuwepo tangu zamani, na mtihani umekuja kukigundua. Sivyo. Alama ya kupita hupangwa na jopo la walimu na wataalamu wanaopitia swali baada ya swali na kujiuliza mtoto aliye kwenye ukingo wa kufaulu angelijibu au angelikosa. Ni kazi ya heshima na hufanywa kwa uangalifu, lakini inabaki kuwa maamuzi ya watu, na watu wakibadili maamuzi, ufaulu unabadilika hata kama watoto hawajabadilika. Uingereza ililiona hilo waziwazi. Mwaka 2015, asilimia 80 ya watoto wanaomaliza shule ya msingi walifikia kiwango kilichotakiwa katika kusoma, kuandika na hisabati kwa pamoja. Mwaka 2016, mtaala mpya ulipoanza kupimwa kwa mtihani mgumu zaidi na kiwango kipya, waliofikia walikuwa asilimia 53. Hakuna taifa ambalo watoto wake hupoteza robo ya akili zao kwa miezi kumi na miwili. Serikali yenyewe ilionya kwamba miaka hiyo miwili isilinganishwe. Onyo la aina hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, na asilimia huandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu mpaka. Asilimia ya waliofaulu haioni mwendo wa mtoto. Inaona tu kama amevuka au hajavuka. Tuseme alama ya kupita ni 50. Mtoto aliyeanza mwaka akipata 15, mwalimu akakaa naye kwa uvumilivu mpaka akafika 45, kwenye jedwali ni mtoto aliyefeli, na shule haivuni hata chembe kwa kazi hiyo. Mwenzake aliyetoka 49 akafika 51 anahesabiwa mzima. Na yule aliyeanza na 90 akamaliza na 75, mtoto aliyerudi nyuma mwaka mzima, jedwali linamwandika miongoni mwa mafanikio ya shule.

Mwalimu mkuu mwenye kibarua cha kulinda huiona hesabu hiyo haraka kuliko mtunga sera. Mwaka 2005 mtafiti Jennifer Booher-Jennings alichapisha utafiti alioufanya katika shule moja ya msingi jimboni Texas. Alikuta walimu wamewagawa watoto mafungu matatu: ambao wangefaulu kwa vyovyote, walio karibu na mpaka ambao wangeweza kusukumwa wakavuka, na waliohesabiwa kuwa hawana matumaini. Muda wa ziada, mafunzo ya vikundi vidogo na jicho la mwalimu vilielekezwa kwenye lile fungu la katikati. Fikiria mzazi wa mtoto wa fungu la tatu. Mtoto wake anakwenda shule kila siku akiwa amebeba daftari na kalamu, na shule imeshapiga hesabu kwamba kumfundisha hakulipi. Walimu wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitii hesabu waliyopewa.

Wala haikuwa shule moja. Mwaka 2010 Derek Neal na Diane Whitmore Schanzenbach walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa darasa la tano mjini Chicago baada ya sheria za uwajibikaji, yaani zinazoziwajibisha shule kwa matokeo ya mtihani, kuanza kutumika. Watoto wa katikati walipanda. Watoto wa chini kabisa, walioachwa mbali mno na mpaka, hawakufaidika. Sheria ya kitaifa iliyokuwa miongoni mwa hizo, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002, ilibeba jina la kuahidi kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma, na iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2014 kila mtoto, asilimia 100, awe amefikia kiwango katika kusoma na hisabati. Lengo hilo halikufikiwa na jimbo lolote, na mwishoni mwa 2015 sheria ikabadilishwa. Katikati ya miaka hiyo kuna watoto waliopita darasa la tatu, la nne na la tano wakiwa katika fungu ambalo halikuwa na faida kwa mtu. Miaka hiyo hawarudishiwi.

Jambo la pili nitalipitia upesi kwa sababu ni hesabu tu. Shule nyingi za msingi ni ndogo. Darasani kukiwa na watoto 25, kila mmoja ana uzito wa asilimia 4. Kundi la mwaka huu likiwa na watoto hodari watatu pungufu ya kundi la mwaka jana, na wawili wakiamka na homa siku ya mtihani wakashindwa, asilimia 20 imetoweka bila mwalimu kubadili chochote. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha hili mwaka 2002 kwa takwimu za North Carolina: shule ndogo hujaa juu kabisa ya orodha, na hujaa pia chini kabisa. Mwaka unaofuata nyingi hurudi katikati. Anayetoa zawadi kwa kutazama mwaka mmoja kwa kiasi kikubwa anazawadia bahati, na anayeadhibu kwa mwaka mmoja anaadhibu bahati mbaya. Wastani wa miaka mitatu ungetuliza mengi ya hayo, na hauhitaji mtaalamu.

Sasa nije kwenye kiini, yaani watoto waliingia na nini.

Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na kupima zaidi ya wanafunzi nusu milioni nchini Marekani. Walitarajiwa kuonyesha kwamba tofauti za alama zinatokana na majengo, vitabu na maabara. Walichokuta ni kwamba hali ya nyumbani ilieleza tofauti hizo kuliko vifaa vya shule. Wapo walioichukua ripoti hiyo kama kibali cha kukata tamaa, wakasema kwamba kama nyumbani ndiko kunakoamua, shule haina kazi. Huko ni kuielewa vibaya. Jambo linalofuata kutoka kwake ni jingine: ukizipanga shule kwa wastani wa alama, kwa sehemu kubwa utakuwa umezipanga kwa kipato na elimu ya wazazi, halafu orodha hiyo ukaiita ubora wa walimu.

Ilichukua miongo kadhaa kupata takwimu za kutenganisha mambo hayo mawili vizuri. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alikusanya matokeo ya mitihani ya darasa la tatu hadi la nane kutoka wilaya za shule zipatazo 11,000 nchini Marekani na kuyaweka kwenye kipimo kimoja. Aliuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: watoto wa wilaya hii wako wapi wanapopimwa darasa la tatu? La pili: kati ya darasa la tatu na la nane, wanasonga mbele kwa kasi gani? Jibu la swali la kwanza lilifungamana sana na utajiri wa familia. Jibu la swali la pili lilifungamana nao kidogo tu. Zipo wilaya za matajiri ambako watoto huanza juu na kusonga polepole, na zipo wilaya za maskini ambako watoto huanza chini na kukimbia.

Mfano uliowashtua watu ulitolewa mwishoni mwa 2017, na ulikuwa Chicago. Huo ni mji ambao kwa miaka mingi shule zake zilitajwa kama kielelezo cha kushindwa. Watoto wake wa darasa la tatu walikuwa chini ya wastani wa kitaifa, na mtu anayesoma wastani peke yake angeishia hapo. Lakini kutoka darasa la tatu hadi la nane, katika miaka mitano ya masomo, walisonga kwa kiasi cha miaka sita. Wilaya chache mno kati ya zile kubwa zilikuwa na mwendo wa namna hiyo. Mwalimu wa Chicago aliyekuwa akifanya kazi nzuri namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, alikuwa akisoma magazetini kwamba shule yake imeshindwa. Nadhani kuna walimu wengi wazuri walioacha kazi kwa sababu ya jedwali lililosomwa vibaya, na ninaumia nikiwafikiria, kwa sababu shule za watoto maskini ndizo zilizowahitaji kuliko zote.

Kwa hiyo swali la haki la kuiuliza shule ya msingi linahusu umbali ambao watoto wamesogea tangu pale walipoanzia. Mahali waliposimama leo ni nusu tu ya habari. Swali hilo, hata hivyo, nalo linadai tukubaliane kwamba alama zikipanda, kuna ujuzi uliopanda. Na hapo ndipo penye ugumu mkubwa zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wilaya moja ya Marekani, ambayo watafiti hawakuitaja jina, ilikuwa imetumia mtihani uleule wa hisabati wa darasa la tatu kwa miaka kadhaa, na alama zilikuwa nzuri. Kisha ikabadili mtihani. Mtihani mpya ulipima mambo yaleyale ya darasa la tatu, kwa maswali mengine na mpangilio mwingine. Mwaka wa kwanza alama ziliporomoka kwa kiasi cha nusu mwaka wa masomo. Baada ya hapo zikaanza kupanda, na katika miaka minne zikarejea zilipokuwa. Wengi wangesema wilaya imejikongoja mpaka ikasimama tena. Daniel Koretz na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 1991, walifanya jambo lisilo la kawaida: waliuchukua ule mtihani wa zamani, uliokuwa umeshawekwa kando, wakawapa sampuli ya watoto wa darasa lilelile. Katika mtihani huo wa zamani, watoto walikuwa wameshuka kwa kiasi kilekile cha nusu mwaka.

Tulia kidogo juu ya matokeo hayo. Watoto wa mwaka ule hawakuwa dhaifu kuliko waliowatangulia. Walikuwa na ujuzi wa hisabati unaolingana, ila kila kundi lilikuwa limezoeshwa mtihani wa zamu yake. Nusu mwaka mzima wa "maendeleo" yaliyoshangiliwa ulikuwa ni kuuzoea mtihani: namna maswali yanavyoulizwa, sura zinazorudi kila mwaka, mada ambazo huwa haziulizwi na hivyo mwalimu ameziacha. Hilo lilitokea katika wilaya ambayo, kwa vigezo vya miaka iliyofuata, shinikizo lake lilikuwa jepesi. Hakuna mwalimu aliyekuwa akifukuzwa kazi.

Miaka michache kabla, mwaka 1987, daktari mmoja wa West Virginia aitwaye John Cannell alikuwa ameshashtuka na jambo lingine la namna hiyo. Jimbo lake, lenye umaskini mkubwa, lilitangaza kwamba watoto wake wa shule za msingi wako juu ya wastani wa kitaifa. Aliandikia majimbo mengine kuuliza hali yao. Akakuta kwamba hakuna jimbo lililokuwa chini ya wastani kwa ngazi ya shule ya msingi. Majimbo yote yalikuwa juu, jambo lisilowezekana kihesabu, isipokuwa kama kipimo chenyewe kimechakaa kwa kutumika. Mwanasaikolojia Donald Campbell alikuwa ameshalieleza hili katika miaka ya 1970 kwa ujumla wake: kadiri kipimo kimoja kinavyotumika kuamua hatima za watu, ndivyo watu wanavyokipinda, na ndivyo kinavyoipinda kazi kilichokusudiwa kuipima.

Kupinda huko kuna ngazi. Ngazi ya chini ni kufundisha mbinu za mtihani badala ya somo. Ngazi ya juu ni jinai. Atlanta, uchunguzi wa jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, na watumishi wa elimu 178 wakatajwa. Kulikuwa na walimu waliofuta majibu ya watoto na kuandika sahihi. Mwaka 2015 kumi na mmoja walitiwa hatiani mahakamani. Aibu ilianguka juu ya watu hao, na kwa haki, lakini walioonewa kuliko wote ni watoto ambao karatasi zao zilisema wanajua kusoma. Mtoto mwenye alama bandia za kufaulu hapewi msaada, kwa sababu kwenye kumbukumbu hana tatizo.

Lakini mimi huwa na wasiwasi zaidi na ngazi ya chini, kwa sababu ni halali, ni ya kila siku, na inaonekana kama bidii. Chukua kusoma, ambalo ndilo somo mama la shule ya msingi. Shule yenye alama mbaya za kusoma huongeza vipindi vya kusoma. Inaelekea kuwa jambo la busara. Vipindi hivyo hutoka wapi? Hutoka kwenye sayansi, historia, jiografia, muziki na michezo, masomo ambayo hayapimwi au hupimwa mara chache. Na ndani ya vipindi vilivyoongezwa, watoto husoma vifungu vifupi visivyohusiana, cha leo kuhusu nyuki, cha kesho kuhusu mnara, huku wakifanyishwa mazoezi ya kutafuta wazo kuu, kubashiri kitakachofuata, kuchagua kichwa cha habari kinachofaa. Mwezi baada ya mwezi.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba ufahamu si stadi moja unayoweza kuinoa peke yake ikakata kila kitu. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane. Waliwapa kifungu kuhusu mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waigize kilichotokea kwa vijisanamu juu ya kiwanja cha mfano. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wasomaji wazuri kwa vipimo vya kawaida, wengine wadhaifu. Na katika kila upande wapo walioujua mchezo na wasioujua. Wasomaji wadhaifu waliokuwa wakiujua mchezo walielewa na kukumbuka vizuri kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Yule aliyeitwa msomaji dhaifu alikuwa na ulimwengu wa kuyapokea maneno yale.

Maana yake kwa shule ya msingi ni nzito. Mtihani wa ufahamu wa darasa la nne au la tano, pamoja na mambo mengine, unapima mtoto anajua nini kuhusu dunia: mito, mwili wa binadamu, wafalme wa kale, hali ya hewa, biashara. Mtoto wa nyumba yenye vitabu na mazungumzo mengi huyapata hayo mezani. Mtoto asiye na nyumba ya namna hiyo anayapata shuleni au hayapati. Shule ikifuta sayansi na historia ili kuongeza mazoezi ya wazo kuu, inamnyima mtoto maskini kile hasa ambacho kingempandisha katika mtihani wa kusoma miaka miwili mbele. Inafanya hivyo kwa nia njema na kwa kutumia saa nyingi za kazi. Siwezi kulitazama hilo kwa utulivu. Huyo ni mtoto aliyekuja na njaa ya kujua mambo, tukampa karatasi ya kuchagua A, B, C au D.

Siku ya mtihani nayo ina mambo yake, nayo ninayataja kwa ufupi. Nchini Denmark watafiti walipitia takribani mitihani milioni mbili ya watoto wa shule na kuchapisha matokeo mwaka 2016: kadiri saa za siku zilivyosonga, alama zilishuka kidogo kidogo, na mapumziko ya dakika 20 hadi 30 kabla ya mtihani yalizipandisha. Athari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye alama za chini. Shule inayowafanyisha watoto wake mtihani saa mbili baada ya mapumziko na ile inayowafanyisha mara tu baada ya kucheza hazikupimwa sawa, ingawa karatasi ni moja.

Mtu akifika hapa anaweza kusema: basi mitihani hii ifutwe. Nawaheshimu wanaosema hivyo, wengi wao ni walimu waliochoka kuona watoto wakilia, ila sikubaliani nao. Kabla ya sheria ile ya 2002, shule nyingi za Marekani ziliweza kujificha nyuma ya wastani. Shule yenye watoto wengi wa familia zilizojiweza ilikuwa na wastani mzuri, na watoto wachache maskini, wenye ulemavu au wanaojifunza lugha ya shule kwa mara ya kwanza walizama humo bila kuonekana. Sheria ililazimisha matokeo yatolewe kwa makundi. Kwa kasoro zake zote, hilo lilikuwa tendo la haki, na mzazi wa mtoto aliyekuwa amezamishwa ndani ya wastani hana sababu ya kutaka tarakimu hizo zirudi kabatini.

Upo pia ushahidi wa karibuni zaidi. Marekani ina mtihani mwingine wa kitaifa unaofanyika tangu 1969, ujulikanao kwa ufupisho wa NAEP, ambao hupewa sampuli ya watoto. Hakuna mtoto anayepewa alama yake, na matokeo hayatolewi kwa shule mojamoja. Kwa sababu hakuna anayepandishwa cheo wala kufukuzwa kwa ajili yake, hakuna sababu ya kuufundishia. Shule zilipofungwa wakati wa janga la korona, ndio uliotueleza kilichotokea: kati ya 2019 na 2022 alama za hisabati za darasa la nne zilishuka kutoka 241 hadi 236, anguko kubwa kuliko yote tangu mfululizo huo wa hisabati uanze mwaka 1990, na walioanguka zaidi ni watoto waliokuwa tayari chini. Bila mtihani sanifu, jambo hilo lingebaki hisia, na hisia za watu wenye sauti huwa zinawahusu watoto wao. Finland nayo, inayosifiwa kwa kutokuwa na mtihani wa kuzishindanisha shule za msingi, hutumia sampuli kujua hali ya ujifunzaji nchini. Kupima inapima. Kilichoondolewa pale ni ushindani.

Ndiyo maana naona tatizo linatatulika bila kuvunja nyumba. Mamlaka inayotoa asilimia ya waliofaulu iweke pembeni yake wastani wa alama zenyewe, ili mtoto aliyetoka 15 akafika 45 aonekane. Iweke mwendo wa watoto walewale kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kwa wastani wa miaka mitatu, na itenganishe walio juu, wa katikati na wa chini, ili shule inayowatelekeza wa chini isijifiche. Takwimu hizo zipo tayari kwenye faili zilezile zinazotoa asilimia. Maswali yabadilishwe kwa upana kila mwaka, na matokeo ya shule yalinganishwe mara kwa mara na mtihani wa sampuli usio na zawadi wala adhabu. Alama za shule zikipaa huku za sampuli zimelala, hapo kuna jambo la kuchunguza.

Hata hivyo, mwendo nao una upofu wake, na ningekuwa sisemi ukweli nikiuacha. Mitihani mingi sanifu huanzia darasa la tatu. Kazi kubwa kuliko zote za shule ya msingi, yaani kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, hufanyika kabla ya hapo, katika miaka ambayo haina tarakimu. Mwendo unaopimwa kuanzia darasa la tatu huichukulia miaka hiyo kama mzigo mtoto aliokuja nao, kumbe sehemu yake ni kazi ya shule au uzembe wake. Na shule zinalijua hilo. Jason Grissom, Demetra Kalogrides na Susanna Loeb walionyesha mwaka 2017, kwa takwimu za wilaya kubwa ya Florida, kwamba walimu waliopata matokeo hafifu katika madarasa yanayopimwa walielekea kuhamishiwa madarasa ya awali yasiyopimwa. Watoto waliofundishwa nao huko walifika darasa la tatu wakiwa na alama za chini zaidi. Shule ilikuwa imelinda jedwali la mwaka huu kwa kuwatumia watoto wa miaka sita na saba, kisha ikayapokea matokeo yake miaka michache baadaye.

Mzazi anayekwenda kwenye kikao cha matokeo akiwa na swali moja tu la kuuliza, ningemshauri aiache asilimia iliyobandikwa ukutani. Aulize ni nani anafundisha darasa la kwanza mwaka huu, kwa nini amepangiwa darasa hilo, na ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaoweza leo kusoma ukurasa mmoja na kueleza walichosoma. Mwalimu mkuu anayejua majibu hayo bila kufungua faili anajua shule yake inafundisha nini.